Mshauri Nasaha Anapikwa Wapi?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo; kama uko njiani, ongeza sauti. Leo nina jambo ambalo liko moyoni mwangu siku nyingi, maana kufundisha washauri nasaha ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Tumezoea kuwasikia washauri nasaha. Tunawakuta hospitalini, shuleni, hata makazini. Lakini umewahi kujiuliza wanafundishwaje? Leo sisemi juu ya kazi yao. Leo nasema juu ya mafunzo yao, hasa ya wale wanaosomea shahada ya uzamili. Kijana amemaliza shahada ya kwanza, pengine ya saikolojia, pengine ya ualimu, uuguzi au ustawi wa jamii. Anarudi chuoni, anasoma miaka miwili hivi, anavaa joho, picha zinapigwa, nyumbani kunapikwa pilau. Sasa nakuuliza: Jumatatu inayofuata, yuko tayari kuketi na mtu ambaye hajalala wiki nzima kwa sababu anawaza kufa?

Jibu langu ni kwamba inategemea jambo moja. Inategemea kama kijana huyu, wakati anasoma, alikuwa na mtu mzima katika kazi hii aliyemsikiliza yeye anavyowasikiliza wengine. Mtu huyo tunamwita msimamizi. Nitalirudia neno hilo mara nyingi jioni hii: msimamizi. Mihadhara ipo, vitabu vipo, mitihani ipo. Msimamizi ndiye anayekosekana.

Kabla sijaenda mbali, tuwekane sawa kidogo. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anapima na kutibu kwa njia za kisaikolojia. Mshauri nasaha haandiki dawa. Chombo chake ni mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yana utaratibu wake. Akiona mgonjwa anasikia sauti zisizokuwapo, au hali yake imemzidi, anamwandikia rufaa kwenda Muhimbili, Mirembe, Mathari au hospitali ya mkoa iliyo karibu. Mshauri mzuri anaujua mpaka wake. Na kuujua mpaka ni sehemu ya mafunzo.

Sasa, kazi hii imetufikaje huku kwetu? Ushauri wenyewe tulikuwa nao zamani: wazee, somo wa mwali, mashehe, mapadre. Lakini ushauri kama taaluma ya kusomewa, wengi wetu tuliutambua katika msiba. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, Dar es Salaam watu 11, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu, wengine wakapoteza macho kwa vioo. Baada ya maziko ukabaki umati wa watu waliokuwa wakishtuka kila mlango ulipobamizwa. Nani wa kuketi nao? Waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache mno. Kukawa na kufundishana haraka haraka, na watu wengi wema wakajitolea.

Haikupita miaka mingi, vikaja vituo vya upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI. Wasikilizaji wangu wa Tanzania wanakumbuka Angaza, iliyoanza mwaka 2001. Kila kituo kilihitaji mshauri wa kuzungumza na mtu kabla ya kipimo na baada ya majibu. Wauguzi na walimu wakapelekwa kozi za wiki chache, wakarudi kazini. Na walifanya kazi kubwa, nawaheshimu. Lakini hapo ndipo jamii yetu ilipojijengea picha kwamba ushauri ni kitu cha kozi fupi na cheti cha kubandika ukutani. Picha hiyo imetung'ang'ania. Ilitufuata hata tarehe 2 Aprili 2015, waliposhambuliwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa na kuuawa watu 148. Familia zilizokwenda chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi, kutambua miili ya watoto wao zilihitaji mtu wa kusimama nazo pale mlangoni. Hebu mfikirie mwanafunzi wa uzamili anayepangiwa kazi ya namna hiyo. Usiku, akirudi chumbani kwake, anamwambia nani aliyoyaona?

Vyuo vyetu vimepiga hatua, lazima niseme. Leo Kenya, Tanzania na Uganda kuna vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayotaka anayeifanya kazi hii awe amesajiliwa. Hayo ni mambo makubwa. Lakini sheria inatazama cheti, na cheti hakikuelezi mtu alifundishwa chumba gani na nani.

Twende basi chumbani. Nataka uone kazi yenyewe kwa karibu.

Chumba ni kidogo, kina viti vitatu. Kiti kimoja cha mwanafunzi anayejifunza ushauri, cha pili cha mwanafunzi mwenzake anayechukua nafasi ya mteja, cha tatu cha mtazamaji anayeandika. Mezani kuna simu inayorekodi. Baadaye, wakianza kukutana na wateja wenyewe, mteja ataombwa ridhaa kwa maandishi kabla ya kurekodiwa, na rekodi itafutwa ikishatumika. Leo ni mazoezi. Anayecheza mteja anaigiza mama aliyefiwa na mumewe. Anasema: "Nikipika jioni, najikuta nimepakua sahani mbili."

Mwanafunzi wetu, kijana mwenye huruma kabisa, anajibu papo hapo: "Pole sana mama. Kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, una watoto wanakutegemea."

Msimamizi anasimamisha rekodi. Anairudisha nyuma, inachezwa tena. Halafu anauliza kwa upole: mama amekuambia nini? Kijana anasema, amesema amefiwa. Hapana. Sikiliza tena. Inachezwa mara ya tatu. Amesema sahani mbili. Na wewe umempeleka wapi? Nimempeleka kwa watoto. Umemwachia nafasi ya kuieleza ile sahani ya pili? Kijana ananyamaza. Wanarudia zoezi. Safari hii anasema tu, "Sahani mbili, mama," kisha anafunga mdomo, anasubiri. Na yule mwenzake, ambaye alikuwa anaigiza tu, anaanza kueleza jinsi marehemu alivyokuwa akipenda kula mezani palepale karibu na dirisha, na jinsi ile sahani anavyoifunika hadi asubuhi kana kwamba mtu atachelewa kurudi.

Umeona tofauti, msikilizaji? Maneno ya kwanza hayakuwa mabaya. Ndiyo tunayoambiana msibani siku zote, na msibani yana mahali pake. Ila yanafunga mlango. Mama angeitikia "asante mwanangu", angeondoka na sahani yake. Hakuna kitabu ambacho kingemwonyesha kijana huyu mahali alipofunga mlango. Ilihitaji rekodi, na ilihitaji mtu aliyeketi pembeni yake akaisimamisha palepale.

Utaratibu huu wa kurekodi una historia. Mmarekani Carl Rogers, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1940 alirekodi mazungumzo ya ushauri kwenye santuri, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1942 akachapisha neno kwa neno mazungumzo yote na mteja mmoja, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, jina likiwa limefichwa. Kabla ya hapo mwanafunzi alimweleza mwalimu wake yale aliyoyakumbuka. Na mtu hukumbuka yanayompendeza! Rekodi haipendelei mtu. Santuri zilihitaji mitambo mizito. Sisi leo kila mwanafunzi ana simu mfukoni. Kwa hiyo vifaa si kisingizio. Swali ni nani ataketi aisikilize rekodi hiyo saa nzima pamoja na mwanafunzi.

Nina jambo la pili la kukuonyesha, nalo ni zito kidogo. Kama una watoto wadogo karibu, unaweza kuwatuma nje dakika chache.

Ni swali la kujiua. Mshauri lazima ajue kuuliza kama mteja ana mawazo ya kujiua, na aulize waziwazi. Wanafunzi wetu wanaliogopa swali hili kuliko mtihani wowote. Unamsikia anazunguka: "Umewahi kufikiria… labda… kitu kibaya?" Mteja naye, akiona mshauri mwenyewe anaogopa, anasema hapana, na mazungumzo yanapita kando ya hatari. Wengi huamini ukimuuliza mtu utakuwa umempa wazo. Sivyo. Utafiti wa miaka mingi haujaonyesha kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo hilo. Mara nyingi anapata nafuu kuona kuna mtu aliyethubutu kumuuliza. Kwa hiyo tunawafanyisha mazoezi kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka ulimi uzoee: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Halafu yanafuata mengine. Umefikiria kwa njia gani? Hicho kitu kiko nyumbani? Leo usiku utakuwa na nani?

Na huku kwetu swali hili lina uzito wa sheria pia. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mteja anayeogopa polisi hasemi. Mwanafunzi asiyejua sheria naye anaogopa kusikia. Nani wa kumfundisha namna ya kulinda siri ya mteja na kulinda uhai wake kwa wakati mmoja? Narudi palepale: msimamizi. Jambo hili hulimalizi kwa mhadhara. Linamalizwa saa kumi na moja jioni, mteja akiwa bado kwenye benchi nje, mwanafunzi anatoka kidogo na kumpigia mtu anayemwamini: "Mwalimu, nifanyeje?" Na upande wa pili simu inapokewa.

Msikilizaji, sijui kama unaona ninakoelekea. Ngoja niguse na hili la heshima, maana vitabu tunavyosomea vingi vimeandikwa mbali na sisi. Kitabu kinamwambia mwanafunzi amtazame mteja machoni, amwite kwa jina lake, wakae kama watu walio sawa. Sasa mwanafunzi ana miaka ishirini na sita, na anayeingia ni mzee wa miaka sitini na tano, ameshika kofia mkononi. Amwite nani? Aanze vipi? Nawaambia wanafunzi wangu: anza na shikamoo yako, mwite mzee au baba kama unavyomwita mzee yeyote, heshima haijawahi kuharibu ushauri. Kisha mwombe ruhusa. "Mzee wangu, kazi hii itanilazimu kukuuliza mambo ambayo kijana hamuulizi mzee. Naomba uniruhusu." Sijaona mzee akikataa. Wengine hapo hapo ndipo wanapoweka kofia mezani.

Na mafunzo yanafanyika kwa Kiingereza, ilhali mteja analia kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, au kwa Kijaluo. Kwa hiyo mazoezi ya chumbani yafanywe kwa lugha atakayoitumia na wateja. Mwanafunzi anayejua kuuliza juu ya sonona kwa Kiingereza peke yake hajamaliza kusoma.

Siri nayo. Katika mji mdogo, mshauri na mteja wanaswali msikiti mmoja, wanakutana kwenye harusi moja, na shangazi wa mshauri anauliza, "Yule dada aliyekuja ofisini kwako, kwani ana nini?" Mwanafunzi afundishwe kumjibu shangazi bila kumvunjia heshima na bila kutoa hata neno moja. Hili nalo linahitaji mazoezi kwa sauti, msifikiri ni jepesi.

Wenzetu wanafanyaje? Kule Marekani lipo baraza linaloitwa CACREP, lililoanzishwa mwaka 1981, linalokagua programu za kufundisha washauri. Programu iliyo chini yake haimruhusu mwanafunzi kuhitimu mpaka afanye mazoezi ya awali ya saa 100, halafu mafunzo kazini ya saa 600, na katika hizo 600, saa 240 awe ameketi na wateja kabisa. Na katika muda wote huo ana miadi ya kila wiki na msimamizi wake. Sisemi tunakili kila kitu. Marekani nao wana matatizo yao, hasa gharama. Ninachopenda ni kwamba saa za kusimamiwa zimehesabiwa sawa na masomo. Bila hizo hakuna joho.

Hapa msikilizaji mmoja ataniambia: "Ndugu mtangazaji, mbona Zimbabwe wanatumia mabibi?" Swali zuri sana, na nilikuwa nalingojea. Ni kweli. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, na mabibi 14 wasio na shahada yoyote. Wanaketi kwenye benchi nje ya zahanati, wanazungumza na wagonjwa wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa waliozungumza na mabibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Sasa kama bibi anaweza, shahada ya uzamili ya nini?

Tazama vizuri mpango wenyewe. Bibi anaanza na dodoso la maswali 14 la kupima hali ya mtu. Akiona hatari, hakai nayo peke yake; yuko mkubwa wa kumpelekea. Kila bibi ana anayemfundisha, anayekutana naye, anayepitia naye kesi zake. Yaani mpango huo umefaulu kwa kile kile ninachokisema tangu nianze: usimamizi. Na hapo ndipo naiona kazi kubwa ya wahitimu wetu wa uzamili. Hatutapata wahitimu wa kutosha kuketi na kila mwenye shida kutoka Kigoma hadi Lamu. Lakini mhitimu mmoja aliyepikwa akaiva anaweza kuwa nyuma ya wahudumu wa afya wengi wa jamii, walimu wengi wa malezi shuleni, mabibi wengi. Ila hawezi kusimamia mtu kama yeye mwenyewe hakuwahi kusimamiwa. Atatoa wapi?

Basi kwa nini wasimamizi hawapo? Nitasema wazi. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa kuchapisha makala na kufundisha darasa kubwa; saa anayokaa na mwanafunzi mmoja kusikiliza rekodi haihesabiwi popote. Mshauri wa hospitali anayepelekewa wanafunzi kumi na wawili halipwi chochote, na foleni ya wagonjwa wake iko palepale. Kwa hiyo anamwambia mwanafunzi, "Kaa pale uangalie," na mwisho wa muhula anasaini fomu. Mwanafunzi naye anajilipia nauli na chakula, na sehemu nyingine anaambiwa msimamizi amtafute mwenyewe kwa pesa zake. Fomu inajaa sahihi, saa zinaonekana zimetimia, na hakuna hata mtu mmoja aliyemsikia akizungumza na mteja. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu atakayelipa gharama yake ni yule mama wa sahani mbili.

Nawaomba wakuu wa vyuo: saa za usimamizi ziingizwe kwenye ratiba na kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri, kama zinavyoingizwa saa za mihadhara. Nawaomba wakuu wa hospitali: mkipokea wanafunzi, mpunguzieni msimamizi wagonjwa siku hiyo. Wizara za afya nazo zitenge fungu kwa ajili hiyo, hata dogo, lakini liwe na jina. Chuo kisicho na wasimamizi wa wanafunzi hamsini kichukue kumi na watano.

Na wewe kijana unayenisikiliza, uliyekwisha kujaza fomu ya kujiunga, au wewe mzazi unayeuza kiwanja ili mtoto akasome. Msilipe ada kabla hamjaenda chuoni kuuliza maswali machache. Nitafanya mazoezi kwa vitendo wapi, na kwa saa ngapi? Nani atasikiliza rekodi zangu, na kila baada ya muda gani? Nikikutwa na mteja aliye hatarini usiku, nampigia nani? Na mimi mwenyewe nikielemewa na ninayoyasikia, chuo kina mshauri wa kunisikiliza? Waulizeni kwa adabu, ila msiondoke bila majibu, tena majibu yenye majina ya watu. Mkipewa majina hayo, nendeni mkawatafute, mzungumze nao. Msipopewa, tafuteni chuo kingine.